Ufupisho na Insha: Kazi Mbili, Amana Mbili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa KCSE, hebu tuanze kwa hesabu ndogo. Mtihani wa Kiswahili una alama 200. Karatasi ya kwanza, yaani Insha, ina alama 40. Katika karatasi ya pili, swali la ufupisho lina alama 15. Ukijumlisha utapata alama 55, zaidi ya robo ya mtihani mzima. Isitoshe, tangu mwaka 2023 alama ya jumla ya KCSE hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, na masomo mengine matano aliyoyafaulu zaidi. Kwa mwanafunzi wa Mtito Andei ambaye Kiswahili amekisikia sokoni, stejini na kituo cha mabasi tangu utotoni, lugha hiyo moja ina nafasi nzuri ya kuwa Kiswahili. Alama hizo 55 basi si za kuchezea.

Hata hivyo, sehemu hizi mbili ndizo aghalabu hufundishwa kwa mbio. Ufupisho hufundishwa kwa kanuni chache za kukariri, na insha kwa orodha ya methali na tamathali za kubandika. Katika makala haya tutatazama sehemu hizi kwa jicho la historia. Tutauliza: ufupisho ulitoka wapi? Insha ilitoka wapi? Nani alizihitaji, na kwa kazi gani? Tukiyajua hayo, tutaelewa kwa nini watahiniwa hukosea pale wanapokosea, na namna ya kuwasaidia.

Maneno yenyewe yana historia

Neno "muhtasari" limetokana na Kiarabu, na kabla ya kuwa zoezi la shule lilikuwa jina la aina ya vitabu. Wanazuoni walizoea kuvifupisha vitabu vikubwa ili wanafunzi wavimudu. Mfano mmoja ni kitabu cha sheria kiitwacho Minhaj, kilichoandikwa na Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho ni ufupisho wa kitabu cha Imamu Rafii, nacho kilisomwa sana katika upwa wa Afrika Mashariki. Zingatia jambo moja hapa, msomaji: aliyefupisha alibeba amana. Iwapo angepotosha hukumu moja, watu wangehukumiwa kwa makosa yake. Ufupisho tangu awali ulikuwa kazi ya uaminifu.

Neno "insha" pia ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuanzisha au kuumba, kisha kutunga. Mtunzi huzalisha jambo ambalo halikuwapo. Katika fasihi ya Kiswahili cha kisasa, Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, wakati ambapo nathari ya Kiswahili ilikuwa bado inatafuta njia yake. Jina la kitabu hicho latosha kutuonyesha kwamba kufikia hapo insha ilikwisha kuhesabiwa kuwa kazi inayohitaji vielelezo na mafunzo.

Kwa hivyo tangu mwanzo tuna kazi mbili zilizo tofauti. Mfupishaji hubeba maneno ya mwingine. Mtunga insha huleta ya kwake. Shika tofauti hii, kwani ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho.

Jinsi kazi hizi zilivyogeuka kuwa mitihani

Nchini Uingereza, Tume ya Utumishi wa Umma iliundwa mwaka 1855 ili makarani waajiriwe kwa mtihani badala ya kwa kujuana. Miongoni mwa mambo waliyotahiniwa ni ufupisho. Sababu yake ilikuwa ya kikazi kabisa: karani alipokea rundo la barua, naye alitakiwa amwandalie mkubwa wake ukurasa mmoja wenye kiini cha yote. Mkubwa hakuhitaji maoni ya karani. Alihitaji kujua barua zilisema nini.

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutahini shule mwaka 1858, na mwaka 1863 mitihani yake ilivuka bahari hadi Trinidad. Mwaka 1913 chuo hicho kilianzisha mtihani wa umilisi wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Watahiniwa wa kwanza walikuwa watatu tu. Walifanya majaribio yaliyochukua jumla ya saa 12, yakiwemo tafsiri, sarufi, fonetiki, imla, fasihi na insha ya saa mbili. Wote watatu walianguka. Tazama kwamba insha ilipewa saa mbili nzima. Mtahiniwa wa KCSE huandika insha mbili kwa saa moja na dakika 45, yaani dakika 52 hivi kwa kila moja, pamoja na kuchagua swali, kuwaza na kusahihisha.

Mitihani ya Cambridge ndiyo iliyotawala shule za sekondari za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Baraza la Mitihani la Kitaifa.

Katika kipindi hicho chote Kiswahili kilikuwa kinapigania nafasi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa. Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na chini ya mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989. Tangu hapo, mwana wa mkulima wa Kibwezi na mwana wa karani wa Mombasa wamekuwa wakiketi mbele ya swali moja la ufupisho na swali moja la insha. Kabla ya hapo mwanafunzi aliweza kumaliza sekondari bila kuandika hata insha moja ya Kiswahili katika mtihani wake.

Historia hiyo ilipita Mtito Andei

Usidhani, mpenzi msomaji, kwamba haya ni mambo ya mbali. Mtito Andei, mji ambao inasimuliwa kwamba jina lake la Kikamba lina maana ya msitu wa tumbusi, uko karibu nusu ya safari baina ya Nairobi na Mombasa, katika kaunti ya Makueni. Ng'ambo ya Mto Athi ni Kitui, na ukishuka kidogo umeingia Tsavo. Mwaka 1891 Wamisheni wa Kiskoti walijenga kituo Kibwezi, si mbali na hapo. Malaria iliwalemea, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, mahali ambapo mwaka 1926 palifunguliwa Shule ya Upili ya Alliance. Ukambani basi uliiona elimu ya darasani ikipita mapema, ikaenda kutia mizizi kwingine.

Pamoja na reli ilikuja waya ya simu ya maandishi, iliyosimikwa sambamba na njia ya garimoshi. Simu hiyo ilikuwa mwalimu mkali wa ufupisho. Mtumaji alilipa kwa kila neno, kwa hivyo hakuna aliyeandika, "Napenda kukujulisha kwamba kwa bahati mbaya sana baba yetu mpendwa amekuwa mgonjwa." Aliandika, "Baba mgonjwa. Njoo." Hata hivyo hakuthubutu kulidondosha neno "mgonjwa" ili kuokoa senti chache, kwa sababu bila neno hilo ujumbe wenyewe haupo. Hiyo ndiyo hekima yote ya ufupisho: punguza maneno, usipunguze maana.

Ukitaka wanafunzi wako waielewe kanuni hii, waambie kila neno la jibu lina bei. Kisha waulize ni yapi wako tayari kuyalipia.

Kosa moja lenye nyuso mbili

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Ukiyasoma majibu dhaifu ya watahiniwa, utaona kwamba mengi yamezaliwa na kosa moja: mtahiniwa amezibadilisha kazi hizi mbili. Katika ufupisho, anapotakiwa kubeba maneno ya mwingine, anaingiza yake. Katika insha, anapotakiwa kuleta yake, anabeba ya mwingine.

Tuanze na ufupisho. Soma kifungu hiki:

"Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba. Walipoiacha pwani walikabiliwa na nyika kavu isiyokuwa na maji, hivyo maji yakawa hayana budi kusafirishwa hadi kambini kwa garimoshi. Hali kadhalika, maradhi kama vile malaria na kuhara yaliwadhoofisha wengi wao. Mnamo mwaka 1898 simba wawili waliwavamia na kuwaua wafanyakazi karibu na Mto Tsavo, hata kazi ya kujenga daraja ikasimama kwa muda. Pamoja na masaibu hayo yote, reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 2,500 walikuwa wamepoteza maisha yao. Leo abiria wengi wapitao huko hawajui kwamba kila hatua ya njia hiyo ililipiwa."

Swali: Eleza masaibu yaliyowapata wafanyakazi wa reli. (Maneno 25)

Mtahiniwa wa kwanza ataandika: "Wafanyakazi waliteswa sana na Waingereza waliokuwa wakatili na wasiojali maisha ya watu." Huenda maoni haya yana msingi katika historia, lakini hayamo katika kifungu. Mtahini hana pa kuweka alama.

Mtahiniwa wa pili atanakili sentensi ya kwanza, ya pili na mwanzo wa ya tatu, kisha maneno yake yataisha kabla hajafika kwa simba. Huyu hakuongeza chochote, ila hakuchagua. Mwaka wa kuanza ujenzi na idadi ya walioletwa si masaibu.

Mtahiniwa makini hufanya kazi kwanza katika nakala chafu. Huorodhesha hoja zinazojibu swali: ukosefu wa maji, maradhi, kuvamiwa na simba, kusimama kwa kazi, vifo. Ndipo huziunganisha katika nakala safi:

"Wafanyakazi walikumbwa na ukosefu wa maji nyikani, wakadhoofishwa na maradhi, wakavamiwa na simba hata ujenzi wa daraja ukasimama kwa muda, wapatao 2,500 wakafariki."

Hayo ni maneno 23. Zingatia mambo matatu. Kwanza, "malaria na kuhara" zimekuwa "maradhi", kwani neno moja la jumla hubeba mifano mingi. Pili, sentensi ya mwisho ya kifungu imeachwa, ingawa ni nzuri, kwa sababu inawahusu abiria wa leo na haijibu swali. Tatu, hoja zimeunganishwa kwa kiambishi "-ka-", ambacho hutiririsha matukio bila kutumia neno jingine. Hapa Kiswahili kinampa mtahiniwa zawadi: uambishaji wake hubana maneno. "Watu ambao walikuwa wamefariki" ni maneno manne, ilhali "waliofariki" ni moja. Mwanafunzi anayekijua kirejeshi, kauli ya kutendwa na "-ka-" amekwisha kujua nusu ya ufupisho. Ndiyo maana sarufi na ufupisho havifai kufundishwa kana kwamba havijuani.

Insha ya kuazima

Upande wa pili wa kosa hilo umo katika insha. Tuseme swali ni hili: "Reli ya kisasa imeiletea miji iliyo kando ya barabara kuu hasara kuliko faida. Jadili."

Mtahiniwa aliyekaririshwa ataanza: "Jua la macheo lilichomoza kwa madaha huku ndege wakitumbuiza angani, nami nikarauka kutoka kitandani kama mshale..." Ameandika mistari sita kabla ya kuitaja reli. Maneno hayo si yake. Ameyabeba kutoka kwenye daftari ambalo limepita mikononi mwa vidato vitatu. Mtahini ameyaona katika karatasi nyingine kumi asubuhi hiyo hiyo. Baya zaidi ni kwamba swali linataka mjadala, naye ameleta masimulizi.

Mwalimu mwenzangu, tusijifiche: daftari hilo aghalabu lilianzia kwetu. Tulitaka kumpa mwanafunzi dhaifu kitu cha kushikilia. Lakini mkongojo huo umewageuza wengi kuwa viwete. Insha hupimwa kwa viwango, A ikiwa alama 16 hadi 20, B 11 hadi 15, C 6 hadi 10, na D 1 hadi 5. Kinachomwinua mwanafunzi kutoka C hadi B si idadi ya methali. Ni hoja zake, mpangilio wake, na lugha inayozibeba hoja hizo bila kuyumba.

Na mwanafunzi wa Mtito Andei hoja anazo. Treni mpya ya abiria ilianza safari mwaka 2017, na mji wake una kituo. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo kutoka bandari ya Mombasa isafirishwe kwa reli hadi Nairobi. Wenye malori na wakazi wa Mombasa walilalamika na kuandamana, na mwaka 2022 serikali mpya iliiondoa amri hiyo. Mwanafunzi anajua malori yakipungua barabarani nani hukosa mteja: mwenye hoteli, muuza matunda, fundi wa magurudumu, mwenye vyumba vya kulala wageni. Anajua pia kwamba kituo cha reli kimewarahisishia wengine safari. Hoja hizo zikipangwa, faida upande mmoja na hasara upande mwingine, kisha msimamo ukatolewa, insha imepatikana. Utangulizi wake unaweza kuwa hivi tu:

"Kwa miaka mingi, miji iliyo kando ya barabara ya Mombasa imeishi kwa jasho la wasafiri. Dereva akisimama, mji hula. Akipita, mji hulala njaa. Reli ya kisasa imebadilisha mwendo wa wasafiri hao, na kwa hiyo imebadilisha maisha ya miji hiyo."

Hamna jua la macheo wala ndege wanaotumbuiza. Kuna mada, kuna msimamo, na kuna picha iliyotoka mahali mwandishi anapopajua.

Lugha ya barabarani na lugha ya karatasi

Kuna pingamizi moja ambalo walimu wa Ukambani hulitaja mara kwa mara: wanafunzi wana Kiswahili kingi cha kuzungumza, lakini ni kile cha bara. Huandika "katoto" badala ya "kitoto", kwa sababu Kikamba hudunisha kwa "ka-". Huandika "vitabu yangu" badala ya "vitabu vyangu", na "huendanga" badala ya "huenda". Pingamizi hili ni la kweli. Makosa ya upatanisho hushusha insha yenye hoja nzuri.

Dawa yake si kumwaibisha mwanafunzi kwa lugha ya mama wala kumpa ya kukariri. Mwonyeshe kwamba Kikamba chenyewe ni lugha ya ngeli, kama Kiswahili. Asiyekosea upatanisho wa kisarufi anaposema Kikamba anao msingi wa kutokosea katika Kiswahili pia. Anachohitaji ni kulinganisha viambishi kwa makini. Kosa la "katoto" linathibitisha kwamba anaijua kanuni ya udunishaji. Amekosa kiambishi tu.

Mapendekezo

Kwa mwalimu:

1. Fundisha ufupisho na insha kwa habari moja. Wiki hii wafupishe makala ya gazeti. Wiki ijayo waandike insha ya kuijadili. Watahisi wenyewe tofauti ya kubeba na kuzalisha.

2. Katika ufupisho, sahihisha nakala chafu pamoja na nakala safi. Kosa la kuchagua hoja huonekana pale.

3. Katika insha, mtake mwanafunzi ataje angalau jambo moja analolijua kutoka kijijini au mjini kwake. Jambo hilo halimo katika daftari la kukariri.

Kwa mtahiniwa:

1. Soma swali la ufupisho kabla ya kurudia kifungu. Swali ndilo chujio lako.

2. Jiulize kwa kila sentensi ya ufupisho: je, hili limo katika kifungu? Na kwa kila sentensi ya insha: je, hili ni langu, na linajibu swali?

3. Tenga dakika tano za mwisho za kila insha kwa upatanisho wa ngeli na uakifishaji.

Hitimisho

Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani wao mwaka 2023, na darasa hilo linatarajiwa kuifunga KCSE mwaka 2027. Mitihani itabadilika majina, kama ilivyobadilika mwaka 1967, mwaka 1980 na mwaka 1989. Lakini karani wa kesho bado atatakiwa kueleza mkutano ulisema nini bila kuongeza chumvi, na raia wa kesho bado atatakiwa kusimama barazani na kutoa hoja yake mwenyewe kuhusu barabara, maji au reli. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwenye kukiandika ana mlango wa kuingilia katika mambo ya nchi yake.

Kwa hiyo, mtahiniwa, unapofupisha kuwa mwaminifu kwa mwenye maneno, na unapotunga kuwa mwaminifu kwa nafsi yako. Nakutakia kila la heri katika maandalizi yako.